Kadi ya bima haimezwi kwa maji

Tangu kampeni za uchaguzi wa mwaka 2025, neno "wazee" halikosekani kila inapotajwa Bima ya Afya kwa Wote. Wametajwa pamoja na watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu kuwa ndio watakaotangulizwa. Sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge la Tanzania Novemba 2023, na tangu hapo ubishi mitandaoni na vijiweni umekuwa wa kambi mbili. Wapo wanaosema mzee amekombolewa, maana atatembea na kadi kama mtumishi wa serikali. Wapo wanaosema mzee ananyang'anywa haki yake, kwa kuwa alikuwa akitibiwa bure na sasa anaingizwa kwenye mambo ya michango. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zinagombea dirisha la malipo, na mzee wa leo, hasa wa kijijini, hakwamii sana hapo. Anakwama kabla ya kulifikia dirisha, kwa kukosa nauli na mtu wa kumsindikiza. Anakwama tena akishalivuka, anapoambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje au arudi mwezi ujao. Bima isiyogusa sehemu hizo mbili itabadilisha karatasi iliyo mkononi mwake, presha ibaki pale pale.

Hiyo "bure" inayoliliwa nayo ina historia yake. Mwaka 1993 serikali ilianzisha kuchangia gharama katika hospitali zake, baada ya miaka mingi ya matibabu bila malipo. Ili wasio na kitu wasifungiwe nje, ukawekwa msamaha kwa makundi maalumu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, ikaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Maneno hayo matatu, "wasio na uwezo", ndiyo yaliyozaa usumbufu wote uliofuata: barua ya mtendaji, picha ya pasipoti, muhuri, kitambulisho cha halmashauri. Halmashauri moja inavigawa kwa bidii, ya jirani inasubiri mgeni rasmi. Yakaja madirisha ya wazee na mabango ya kumtaka kila mtu ampishe mzee kwenye foleni. Ni mambo mazuri, sina neno nayo, ila yote yalisimama juu ya sera, na sera haina meno. Mzee aliyerudishwa nyumbani hakuwa na kifungu cha kusimamia. Zanzibar walilitambua hilo wakatunga sheria yao ya masuala ya wazee mwaka 2020. Huku Bara tuliendelea kuegemea karatasi ya 2003.

Tuwape watetezi wa bima haki yao, kwa kuwa hoja yao kuu ni nzito. Msamaha wa wazee mara nyingi haukuwa na fungu la kuufidia. Kituo kinachotegemea makusanyo yake kununua glavu na dawa kinapomhudumia mzee bila malipo, kinatoa kutoka mfukoni mwake. Mzee wa pili hivyo hivyo, wa kumi hivyo hivyo. Ukifika mwisho wa robo mwaka, mganga mfawidhi anaona mapengo kwenye rafu na anajua yametoka wapi. Muuguzi anayemwambia mzee "dawa hii haipo" si lazima awe mkatili, pengine anailinda boksi moja iliyobaki kwa ajili ya mtu atakayeilipia ili boksi la pili linunuliwe. Chini ya bima, mzee anageuka kutoka hasara kuwa dai: ametibiwa, fomu imejazwa, mfuko unalipa. Huu ni mwendo tofauti kabisa wa fedha, na yeyote anayetaka turudi kwenye msamaha wa zamani inabidi aeleze nani angeulipia.

Lakini kadi ina thamani pale tu anayeipokea anapokubali bei iliyo nyuma yake. Tuliliona hilo Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma unazolipia na bei zake, na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake kwa madai kuwa bei mpya haziwatoshi. Watu wenye kadi halali, waliokatwa mishahara miaka nenda rudi, walirudi nyumbani kama walivyokwenda. Kama hilo liliwapata wafanyakazi wa mijini wenye vyama na simu za kupiga kelele, mzee wa Kishapu au Nachingwea atamlalamikia nani? Kuna jambo jingine pia ambalo halizungumzwi sana, nalo ni hesabu ya wategemezi. Mwanachama wa NHIF anaandikisha mwenza wake na wategemezi wanne, na ndani ya nafasi hizo nne wanashindana watoto, wazazi na wakwe. Aliyewahi kukaa kwenye chumba cha walimu anaijua hesabu hii: mwenye watoto watatu anabakiwa na nafasi moja, na wazazi ni wawili, bado hujahesabu upande wa mke. Nayo CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa ya Sh 30,000 kwa mwaka mikoani, ilipangwa kwa kaya ya watu sita. Bibi anayelea wajukuu watano ameijaza kaya peke yake, na hiyo elfu thelathini atoe yeye. Mfumo uliofikiriwa kwa umbo la baba, mama na watoto wanne unamwona mzee kama mtu wa kupachikwa.

Hata tukidhani michango imelipwa yote na serikali, tunabaki na ugonjwa wenyewe. Bima nyingi zimejengwa juu ya wazo la ajali: umeugua, umelazwa, umepona, dai limelipwa. Uzee hauendi hivyo. Presha, sukari, magoti, tezi dume, mtoto wa jicho, mabaki ya kiharusi ni magonjwa ya kukaa nayo, na mengi kati yake yanataka kidonge kila siku hadi kufa. Mama yangu mkubwa ana miaka 74 na kitambulisho cha wazee kilichofunikwa plastiki, na sidhani kama amewahi kutozwa hata shilingi ya kumwona daktari. Kutoka kwake hadi hospitali ni bodaboda, kisha basi, kisha mguu. Akifika anapewa vidonge vya presha vya wiki mbili, kwa sababu ndivyo vilivyopo. Niligundua mwaka jana kwamba anavikata kwa wembe. Ili dawa isikatike anaikata yeye, nusu leo, nusu kesho, na wiki mbili zinakuwa nne. Kwenye kumbukumbu za hospitali yeye ni mgonjwa aliyehudumiwa bila malipo, mfano mzuri wa sera inayofanya kazi.

Kinachouma ni kwamba nchi hii inajua kumtunza mgonjwa wa kudumu. Inajua vizuri sana. Nenda kliniki ya CTC katika kituo hicho hicho cha afya ukaone watu wanaoishi na VVU wanavyohudumiwa. Kila mmoja ana faili na tarehe ya kurudi, na asipotokea kuna mtu wa kumfuatilia hadi nyumbani. Mwenye hali nzuri anapewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo mmoja, ili asipoteze siku na nauli kila mwezi. Hatukufika huko kwa miujiza. Fedha za wafadhili ziliingia, ndiyo, lakini zaidi ya fedha kulikuwa na uamuzi kwamba mafanikio yatapimwa kwa mtu kuendelea na dawa, wala si kwa mtu kuandikishwa. Hatua chache kutoka mlango wa CTC amekaa mzee mwenye presha kwenye benchi, hana faili linaloeleweka, ana daftari la shule lenye maandishi ya madaktari saba, na akikosa kurudi hakuna atakayeuliza. Ugonjwa wake unaua vile vile. Tofauti ni kwamba mmoja amepewa mfumo na mwingine amepewa msamaha. Na hapo ndipo penye mashaka yangu na shangwe ya kadi: nasikia hesabu za watakaosajiliwa, sisikii hesabu za watakaokuwa bado wanameza dawa baada ya mwaka mmoja.

Kuna na suala la ngazi. Orodha ya dawa muhimu ya taifa imepangwa kwa kufuata aina ya kituo: zipo dawa zinazoruhusiwa kwenye zahanati, nyingine kuanzia kituo cha afya, nyingine hospitali ya wilaya na kuendelea. Kwa homa ya mtoto mpangilio huo una mantiki. Kwa mzee ambaye daktari wa wilaya alishampima na kumwandikia mchanganyiko wa dawa mbili, unamlazimisha asafiri kila mara kufuata kidonge ambacho kingeweza kumsubiri kwenye zahanati ya kijiji, jina lake likiwa limeandikwa juu ya pakiti. Bohari ya Dawa inafika hadi huko kwa ajili ya vitu vingine. Kinachokosekana ni ruhusa na maoteo, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika: mganga wa zahanati hawezi kuagiza dawa ambayo kwenye vitabu vyake haina mtumiaji.

Sasa nauli. Hapa ndipo ninapoachana hata na wataalamu wa afya ninaowaheshimu, wanaotaka kila shilingi ya wazee iende kwenye matibabu. Fedha taslimu mkononi mwa mzee ni sera ya afya, tuite tusiite. Zanzibar walianza Pensheni Jamii Aprili 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi wala ana watoto wangapi, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi Sh 50,000. Kule Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likitoa pensheni ndogo tangu mwaka 2003 kwa bibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kupita Kagera, na aliyefuatilia matumizi ya fedha zile alikuta chumvi, sabuni, chakula, viatu vya shule. Hakuna ajabu ndani yake. Mzee aliyekula na kuoga, mwenye nauli mfukoni, tayari ana nusu ya matibabu. Huku Bara mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF umewafikia wazee wengi, sikatai, ila unalenga kaya na si mtu, na mzee anayeishi ndani ya kaya isiyoorodheshwa hana chake hata kama anashinda njaa chumba cha nyuma. Tumejaza kurasa za magazeti kwa kikokotoo cha wastaafu, ile sehemu ya mafao wanayolipwa kwa mkupuo, asilimia 33, asilimia 40, na ni haki yao. Mkulima wa pamba aliyelisha viwanda miaka arobaini hana kikokotoo cha kulalamikia.

Kenya inatupa somo la namna sera mbili nzuri zinavyoweza kugongana. Inua Jamii inatoa Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi, na tangu mwaka 2018 ilifunguliwa kwa wenye miaka 70 na kuendelea wasio na pensheni nyingine. Malipo yamekuwa yakichelewa na bei za vitu zimeila ile elfu mbili, lakini ipo. Kisha Oktoba 1, 2024 NHIF yao ikapisha bima mpya ya SHIF chini ya mamlaka ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na ajira rasmi anakadiriwa kipato kwa maswali ya hali ya maisha, na kiwango cha chini ni Sh 300 kwa mwezi, tena hulipwa kwa mkupuo wa mwaka. Fanya hesabu ya mzee anayeishi kwa Inua Jamii peke yake: mia tatu kwa elfu mbili ni asilimia 15. Serikali inampa kwa mkono wa kulia na kupokea kwa wa kushoto sehemu kubwa mara tano kuliko anayokatwa mfanyakazi. Serikali hiyo baadaye ilitangaza mpango wa kuwalipia wasiojiweza, na sisi tunaokuja nyuma hatuna kisingizio cha kuanzia pale walipoanzia wao.

Hoja ya gharama ndiyo inayosikika zaidi Dodoma, na inastahili jibu la tarakimu. Kila wazee milioni moja wakilipwa Sh 20,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni Sh bilioni 240. Bajeti ya serikali ya 2025/26 ilikuwa Sh trilioni 56.49. Milioni moja ya wazee, basi, ni chini ya nusu ya asilimia moja ya bajeti. Zidisha kwa idadi utakayo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na wenye miaka 60 na zaidi hawafiki asilimia 6 ya hao. Waliovuka 70 ni wachache zaidi. Si fedha ndogo, na waziri wa fedha akiniambia kwamba kuna barabara na deni la taifa vinavyosubiri, nitamsikiliza. Anaweza kuanza na miaka 75 akashuka taratibu. Nisichokubali ni kuambiwa haiwezekani, huku visiwa vyenye uchumi mdogo zaidi vimefanya kwa karibu miaka kumi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa makofi, ni ile ya mila: Mwafrika hamtupi mzee wake, pensheni na huduma za serikali zitavunja familia, hayo ni mambo ya Ulaya. Wanaoisema mara nyingi wana wazazi wenye kadi ya NHIF. Kwanza inasahau kwamba familia yenyewe imehama. Kijana yuko Mbagala anauza maji ya chupa, dada yake yuko Muscat anafanya kazi za ndani, na mzee amebaki na mjukuu wa darasa la tatu ambaye ndiye mlezi wake mkuu. Pili inamficha anayelipa hiyo "mila". Anapopooza baba, anayeacha genge lake sokoni ili amgeuze kitandani asipate vidonda ni binti au mkwe, bila mshahara, bila hata mtu wa kumwonyesha namna ya kumgeuza. Na tatu, inageuza mwelekeo wa fedha. Kagera ilionyesha wazee wakilisha watoto, si watoto wakilisha wazee. Mtu mwenye elfu ishirini yake ndani ya nyumba anaongelewa kwa heshima kidogo zaidi, hilo kila aliyekulia kwenye nyumba ya watu wengi analijua.

Na pale familia na serikali zote zinapokosa jibu, jirani hutoa lake. Kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa bibi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Macho hayo yameungua kwa moshi wa jikoni, wa kuni na wa samadi. Bibi anayezungumza peke yake usiku na kusahau jina la mwanawe anaweza kuwa na ugonjwa wa usahaulifu, ambao zahanati haina utaratibu wa kuupima. Mahali pasipo na jina la kitabibu, jina la kienyeji halikawii.

Kabla ya yote, mzee inabidi athibitishe kwamba ni mzee. Aliyezaliwa mwaka wa nzige au mvua kubwa hana cheti cha kuzaliwa, na umri kwenye kitambulisho chake cha NIDA ni makadirio ya karani. Alama za vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini mashine inazikataa. Kanuni za bima hazina budi kusema wazi nini kifanyike hapo: ushahidi wa baraza la wazee la kijiji ukubaliwe, na mashine ikishindwa kusoma kidole, kosa lihesabiwe la mashine. Isipoandikwa hivyo, karani ataamua mwenyewe, na karani akiwa na mashaka humwambia mtu arudi kesho.

Watu wa kuziba pengo hili tunao karibu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Wenzetu Kenya walipowapa vifaa wahudumu wao 100,000 Septemba 2023, ndani ya mfuko waliweka kipimo cha presha na cha sukari. Huku kwetu kazi ya wahudumu hawa imezoeleka kuwa mama, mtoto na chanjo, na si vibaya. Kuwaongezea nyumba za wazee, presha kila mwezi, na pakiti ya dawa ya miezi mitatu iliyofungwa zahanati, kunahitaji mambo mawili: dawa hizo ziruhusiwe kushuka ngazi, na ziara hiyo iwe kwenye kitita cha bima kama huduma inayolipiwa. La pili ndilo gumu. Kitita kinachomlipa daktari kumwona mzee hospitalini na kisichomlipa mhudumu kumfuata nyumbani kitawavuta wazee wote hospitalini, wale wanaoweza kufika, na mfuko utalemewa na gharama za viharusi ambavyo kidonge cha bei ndogo kingezuia. Kanuni hizo ni za waziri, hazihitaji kurudi bungeni. Mbunge akitaka kujua kama zinafanya kazi, asiombe idadi ya kadi zilizogawiwa jimboni kwake. Aingie zahanati yoyote, aombe rejesta, achague majina kumi ya wazee wa presha waliopewa dawa Januari, kisha afungue ukurasa wa Juni.